Mnaokuja kusoma Tbilisi, anzeni na historia

Wadogo zetu wanaokuja kusoma udaktari hapa Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, huuliza kwanza habari za vyumba, baridi na bei ya nyama. Hayo mtayajua ndani ya wiki moja. Kinachomchelewesha mgeni ni kutojua ameingia kwa watu gani.

Jifunzeni herufi zao kabla hamjapanda ndege. Ziko 33, hazina kubwa wala ndogo, na ukizikalia jioni chache utaanza kusoma vibao vya mabasi. Lakini si kwa ajili ya mabasi tu. Mwaka 1978, Georgia ikiwa bado ndani ya Umoja wa Kisovieti, Moscow ilitaka katiba mpya ya jamhuri hii isikitambue tena Kigeorgia kuwa lugha ya taifa. Tarehe 14 Aprili wanafunzi, watu wa rika lenu, wakaingia barabarani, na kiongozi wa chama cha Kikomunisti wa hapa, Eduard Shevardnadze, akahakikisha kifungu kinabaki. Katika dola ya Kisovieti jambo hilo lilikuwa nadra mno. Ndiyo maana muuza mkate ukimsalimia kwa Kigeorgia, hata cha kubabaisha, uso wake unafunguka. Wazee wanakijua Kirusi. Mzee akianza nacho, mjibu. Kwa kijana usikitangulize.

Kisha nendeni barabara ya Rustaveli, msimame mbele ya bunge. Alfajiri ya 9 Aprili 1989 askari wa Kisovieti waliwavamia waandamanaji pale kwa sepetu na gesi. Walikufa watu 21, wengi wao wanawake. Miaka 2 baadaye, tarehe ileile, bunge likatangaza uhuru. Novemba 2003 umati ulijaa hapo tena, safari hii kumwondoa Shevardnadze yuleyule, ambaye wakati huo alikuwa rais. Na mwishoni mwa Novemba 2024, serikali iliposema mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya yasubiri hadi 2028, watu walirudi palepale.

Msikubali kuambiwa kwamba yote haya yameanza juzi. Mwaka 1783 Mfalme Erekle II wa mashariki ya Georgia aliweka ufalme wake chini ya ulinzi wa Urusi kwa mkataba. Waajemi walipoiteketeza Tbilisi mwaka 1795, ulinzi huo haukuonekana, na mwaka 1801 Urusi ikaumeza ufalme wenyewe. Binafsi naona asiyeijua miaka hiyo 18 hawezi kuelewa hasira anazozisikia leo, wala hofu ya wale wanaosema tusimchokoze jirani mkubwa.

Kuhusu Abkhazia na Ossetia Kusini, chungeni ndimi zenu. Ni maeneo mawili yaliyojitenga, karibu moja ya tano ya nchi, na tangu vita vya Agosti 2008 Urusi inayatambua maeneo hayo kuwa nchi huru. Kwa Wageorgia ni ardhi iliyokaliwa kwa nguvu, na kuyaingia kwa kupitia upande wa Urusi ni kosa la jinai. Mwenye nyumba wako anaweza kuwa alikimbia Sukhumi, mji mkuu wa Abkhazia, mwaka 1993 akaacha kila kitu. Akitaka kusimulia atasimulia, wewe usimchimbe.

Waislamu, msiwe na wasiwasi. Mji mkongwe una msikiti jirani na mabafu ya maji ya salfa, ambamo Sunni na Shia wanaswali pamoja tangu msikiti wa Mashia ulipobomolewa mwaka 1951.

Mtaalikwa pia kwenye supra, karamu yao, na hapo ndipo mtakapofahamika. Anayeongoza ni tamada. Yeye ndiye anayenyanyua glasi kwanza na kunena: juu ya amani, nchi, wazazi, marehemu, watoto. Akinena, acha kutafuna, weka simu chini. Kama hunywi mvinyo, mwambie mwenyeji mapema, atakuwekea maji ya matunda na hakuna atakayekulazimisha ukishaeleza. Zamu ikikufikia, usiseme "asanteni" ukakaa. Zungumzia wazazi wako, uwataje kwa majina, useme walichokufanyia hadi ukafika mezani pale.