Land Cruiser inazima mlimani: nikubali pampu ifunguliwe?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naendesha Land Cruiser 79 ya watalii, injini 1HZ, imerefushwa chasisi na kuongezewa tanki la pili nyuma. Kwenye lami haina shida. Ila tukishakula rasta (vile vimatuta vya barabara ya vumbi) za Serengeti, kutoka Naabi kwenda Seronera, au nikipanda kutoka ndani ya kreta ya Ngorongoro, inakosa nguvu, inamisi, halafu inazima. Nikipiga ile pampu ya mkono juu ya filta inawaka, tunakwenda kidogo, inarudia. Tanki likifika nusu ndiyo balaa zaidi. Filta nimebadilisha mara mbili. Hakuna dizeli inayodondoka popote. Gereji wanataka kushusha pampu ya nozeli waifanyie ovahoo. Nikubali?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Usikubali bado. Pampu iliyochakaa haipati nafuu kwa kupigiwa pampu ya mkono, wala haijui kama tanki limejaa au liko nusu. Dalili zako zote zinaelekeza nyuma, kati ya filta na tanki. Gari lako linavuta hewa.

Kwenye 1HZ hakuna pampu ya umeme inayosukuma dizeli kutoka tankini. Pampu ya nozeli, ile inayozungushwa na taiming belti, ndiyo hujivutia dizeli yenyewe, kupitia filta, kwa bomba lote refu la chini ya gari. Wewe chasisi imerefushwa, kwa hiyo bomba nalo limerefuka. Dizeli kwenye njia hiyo yote inanyonywa, haisukumwi, ndiyo maana kutoona dizeli ikidondoka hakuthibitishi chochote. Mrija wa dafu ukitoboka juu, maji hayamwagiki. Unanyonya upepo tu. Mafundi wengi hupapasa mabomba, wakiyakuta makavu wanahamia kwenye pampu, na hapo bili inaanza kupanda.

Kabla ya kushika spana, tazama moshi. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo kama yako hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo kuwa mzito na kutoa moshi mweusi kule juu ni jambo la kutarajia, na ukizidi kagua filta ya hewa. Ila mwinuko peke yake hauzimi gari. Kama linafifia bila moshi, kisha linatoa moshi mweupe likiwaka tena, basi limenyimwa dizeli.

Sasa fanya kipimo cha dumu, kwenye mlima ulio karibu na gereji, bila wageni ndani. Chukua dumu safi, weka dizeli ya kituo unachokiamini, toboa kifuniko lipate kupumua. Chomoa mpira unaoingiza dizeli kwenye filta, unganisha mpira mpya ufike chini ya dumu. Mpira wa kurudisha nao uelekeze humo humo. Dumu likae sakafuni mbele kwa abiria, limefungwa imara, lisiwe juu kuliko filta. Hapa watu hukosea: dumu likiwa juu, dizeli hushuka yenyewe kwa uzito wake, na tundu lililoko kwenye filta linajificha. Kati ya filta na pampu weka kipande cha mpira mwangavu wa dizeli uone kinachopita. Mapovu machache mara baada ya kuwasha si neno. Yakiendelea kuja mfululizo, hewa inaingia.

Gari likipanda vizuri kwa dumu, pampu yako ni nzima na ugonjwa uko nyuma ya filta. Mapovu yakiendelea hata kwa dumu, shuku kichwa cha filta chenyewe: raba ya ile pampu ya mkono huchanika, na filta mpya ikifungwa juu ya oringi ya zamani huvuta hewa vilevile. Kubadilisha filta mara mbili hakugusi lolote kati ya hayo.

Mimi ningeweka dau kwenye maungio ya pale chasisi iliporefushwa. Bomba la kiwandani lina ukingo uliovimba mdomoni ili mpira ung'ang'anie. Likikatwa kwa msumeno mdomo unabaki laini, mpira unasukumizwa juu yake na klipu inakazwa kwa nguvu. Siku ya kwanza linashika. Rasta zikishalitikisa, linaanza kupumua. Dawa ni kuvimbisha mdomo upya na kutumia mpira wa dizeli. Ule wa maji huvimba na kulainika. Ukitaka kuona tundu, tenga bomba pande zote mbili, ziba upande mmoja, jaza upepo kwa pampu ya mkono ya tairi usizidi psi 5, paka povu la sabuni kila ungio. Kompresa iache, na tanki lenyewe usilijaze upepo hata kidogo.

Hilo la nusu tanki linanifanya niulize tanki limetengenezwaje. Matanki ya kuchomelea mara nyingi hayana vizuizi ndani vya kutuliza dizeli. Ukipanda, dizeli yote inakimbilia nyuma. Kama mrija wa kunyonya uko mbele, unabaki hewani. Mrija wenyewe ukiwa na ufa katikati, tanki likijaa ufa unafunikwa na dizeli, likishuka unafunuliwa. Sogeza mrija na uchomelee vizuizi, hakuna njia ya mkato.

Angalia na tundu la kupumulia la tanki, maana vumbi la Serengeti huliziba. Gari likizima, fungua kifuniko cha tanki kabla ya kugusa kingine. Ukisikia upepo ukivutwa ndani kwa nguvu, umempata mhalifu, na safari hiyo unaweza kuimaliza kifuniko kikiwa kimelegezwa.

Kuna jambo hukuliuliza, lakini kwa matanki mawili lazima niliseme. Pampu hii huvuta dizeli nyingi kuliko inayochoma, na ziada hurudi. Vali ya kubadilisha tanki inatakiwa ibadilishe njia mbili kwa pamoja, ya kwenda na ya kurudi. Wengi huweka ya kwenda tu: unavuta la nyuma, ziada inarudi la mbele, la nyuma linaisha ghafla huku la mbele likifurika. Wengine huunganisha bomba la kurudi kwenye bomba la kunyonya ili kuokoa mpira, na hapo hewa ikiingia haipati pa kutokea, inazunguka tu. Ukikuta ungio la namna hiyo chini ya gari lako, liondoe leo.

Pampu ishushwe endapo tu gari limekataa mlima kwa dumu, mpira mwangavu hauna povu hata moja, na waya wa solenoidi ya kuzimia, ile vali ya umeme inayokata dizeli kwenye pampu, haujalegea. Waya huo kagua kabla ya yote, kwa sababu ukilegea kwenye rasta gari huzima mara moja kama limezimwa kwa funguo, bila kumisi kwanza.