Nimepata 41 kati ya 96, kweli nitafaa kuwa mwalimu?

SWALI: Mwalimu habari ya kazi. Niko chuo cha walimu hapa Kakamega, nasomea diploma ya msingi. Juzi mkufunzi alitupatia karatasi ya maswali 24 ya kupima akili ya kiroho, mimi nikatoka na 41, na rumeti wangu ambaye kila asubuhi yuko kwa maombi akatoka na 80 na kitu, sasa wananiita mpagani. Kanisa naenda lakini si kila Jumapili. Muhula ujao naenda TP (mazoezi ya kufundisha) Kisumu, ama nimefeli kabla sijaanza? – Wa Lurambi

JIBU: Waambie hao wenzako wapunguze. Kama ni maswali 24 na unajipatia alama kutoka 0 hadi 4, hiyo ni karatasi ya David King, Mkanada, ya mwaka 2008, na hakuna mahali inauliza ulienda ibada lini. Inauliza kama huwa unawaza kuhusu maisha na kifo, kama unaweza kuona maana hata mambo yakikuendea kombo, vitu kama hivyo. Na si mnajijazia wenyewe! Anayejiamini anaweka 4, 4, 4, mnyenyekevu anaweka 2, halafu mnasema mmoja ana roho kuliko mwingine, jameni.

Hata wasomi hawajakubaliana. Mwandishi Danah Zohar ndiye aliivumisha hii akili ya kiroho miaka ya 90 mwishoni, lakini Howard Gardner, yule mwanasaikolojia aliyesema 1983 kwamba akili ni za aina nyingi, alikataa kuiweka kwa orodha yake.

Sasa TP. Utapata mtoto wa gredi ya 4 amelalia daftari saa mbili unusu asubuhi na asesa, yule anayekuja kukukagua, ameketi pale nyuma na faili yake. Unaweza kumfokea ndio uonekane mkali, ama umguse bega tu uendelee na somo halafu brek umuulize aliamka saa ngapi, maana huko ziwani omena huvuliwa usiku kwa taa, maboti yanarudi alfajiri, na kuna watoto wanaamka na mama zao kuipokea. Mimi hapo ndipo ningekupimia, si kwa karatasi.

Hiyo 41 hakuna asesa atakuuliza. Atataka maazimio ya kazi, andalio la somo na rekodi ya kazi, na hizo zinachosha kweli, anza kuziandika saa hii.