Mafuta ya CBD: matone mangapi, chupa ipi, na nani asiyaguse

SWALI: Mama amekuja kukaa nami hapa Leicester. Magoti yanamsumbua na baridi imeyazidisha. Shoga yangu anamsukuma anywe mafuta ya CBD. Dukani nimeona chupa ya mililita 10 iliyoandikwa “500 mg” kwa pauni 30. Hiyo si bangi? Na yanasaidia kweli? — *Bi Z., Leicester*

JIBU: Yanatoka kwenye mmea wa bangi, ila CBD, kemikali moja ya mmea huo, hailewishi. Kinacholewesha ni THC, na Uingereza hairuhusu chupa ya dukani kuwa na zaidi ya miligramu 1 ya kitu hicho. Mafuta haya yanauzwa kama chakula, si dawa, kwa hiyo muuzaji haruhusiwi kudai yanatibu magoti. Akidai hivyo, mwache na duka lake.

Kuhusu magoti, ushahidi ni hafifu. Utafiti wa Denmark ulichukua wagonjwa 136 wenye maumivu ya viungo vya mikono, baadhi yao wakapewa miligramu 20 hadi 30 za CBD kwa siku, wiki 12, na hawakuwazidi kwa nafuu wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Taasisi ya NICE, inayowaelekeza madaktari wa England, haitaki CBD itumike kwa maumivu sugu nje ya utafiti. Mahali ilipothibitika vizuri ni kwenye aina chache za kifafa kikali, kwa dawa ya hospitali iitwayo Epidyolex. Huko mtoto wa kilo 20 anaweza kupewa miligramu 200 kwa siku, huku ini lake likipimwa. Sasa linganisha: Oktoba 2023 FSA, mamlaka ya chakula ya Uingereza, ilishusha kiwango cha mtu mzima mwenye afya kutoka miligramu 70 hadi 10 kwa siku. Yaani dozi iliyothibitika inahitaji daktari, na dozi unayoruhusiwa kujinywea haijathibitika kwa magoti. Kwa pauni 30 hizo sisi tungeanza na jeli ya kupaka ya diclofenac kutoka famasi, pamoja na mazoezi ya kuimarisha mapaja.

Mama aking'ang'ania, na kama hana dawa nyingine anayotumia, hesabu ni hii. Miligramu 500 ndani ya mililita 10 ni miligramu 50 kwa kila mililita. Mililita moja hutoa matone kama 20, basi tone moja lina miligramu 2.5, na matone manne yanafika 10. Midondoshio haifanani, hivyo hesabu mwenyewe matone yanayojaza mililita moja ya chupa yako. Aanze na tone moja jioni, akae nalo siku tatu nne ndipo aongeze. Aliweke chini ya ulimi kama dakika moja kisha ameze. Na awe na utaratibu mmoja wa chakula: mafuta ya chakula huongeza mara kadhaa kiasi cha CBD kinachoingia kwenye damu, kwa hiyo leo kwa chai ya rangi na kesho baada ya wali wa nazi ni dozi mbili tofauti. Aandike maumivu kila siku, kuanzia 0 hadi 10. Wiki nne zikipita bila nafuu, aache. Kusinzia na kuharisha ndiyo madhara yanayojitokeza mapema.

SWALI: Mimi ni dereva wa basi. Nanunua mtandaoni kwa ajili ya usingizi. Nitajuaje kama si feki? — *M., Birmingham*

JIBU: Mashaka yako yana msingi. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 84 zilizonunuliwa mtandaoni: asilimia 31 tu ndizo zilizolingana na lebo, na THC ilionekana katika asilimia 21.

Dai cheti cha maabara huru. Namba ya toleo kwenye cheti ifanane na iliyo kwenye chupa yako; cheti kimoja kinachotumika kwa bidhaa zote za duka ni karatasi tu. Soma kwanza mstari wa THC, kisha risasi na madini mengine mazito, viuatilifu, na mabaki ya kemikali zilizotumika kukamulia. Ukikuta “Cannabis sativa seed oil” peke yake, hayo ni mafuta ya mbegu. Yanafaa kwa kachumbari, CBD karibu hayana. Kwa England na Wales, tafuta pia jina la bidhaa kwenye orodha ya wazi ya FSA, isiyokuwemo usinunue.

Kwa kazi yako, epuka kabisa zilizoandikwa “full spectrum”, maana hubakiza THC kidogo. Sheria ya barabarani huko haimruhusu dereva kuzidi mikrogramu 2 za THC kwa lita ya damu, na kipimo cha mwajiri hakiulizi ilitoka wapi. Chukua ya CBD tupu. Na kama CBD yenyewe inakusinzisha asubuhi, hata hiyo haikufai kwenye usukani.

Kwa wasomaji wanaouliza kuhusu halali: baadhi ya matone huyeyushwa kwa alkoholi, na baadhi ya peremende laini zina gelatini ya nguruwe. Yaliyochanganywa na mafuta ya nazi hayana tatizo hilo.

SWALI: Baba anatumia warfarini. Anaweza kunywa? — *Salma*

JIBU: Hapana. Warfarini ni dawa ya kuzuia damu kuganda. CBD hulizuia ini kuivunja, damu ikawa nyepesi mno na INR, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, ikapanda. Kama ameshaanza, kliniki yake ijulishwe leo na INR ipimwe. Wanaotumia dawa za kifafa au za waliopandikizwa figo nao wasiguse bila daktari. Vivyo hivyo wajawazito, wanaonyonyesha na walio chini ya miaka 18.

SWALI: Narudi Dar kupitia Dubai. Nimpelekee shangazi chupa mbili? — *J., London*

JIBU: Usibebe hata moja. Falme za Kiarabu zinahesabu CBD kuwa dawa ya kulevya, na abiria wa kupita tu hana msamaha. Tanzania nayo ina sheria kali ya dawa za kulevya ya mwaka 2015. Risiti ya duka la London haitakutetea Dar. Kagua pia mkoba wa vipodozi: krimu, peremende na maji ya vepu vyenye CBD vibaki nyumbani.