Sauti ya sinema sebuleni: anza na maneno, besi itafuata

Kabla hujatoa hela yoyote, fanya hivi. Weka filamu unayoijua vizuri, tafuta mahali watu wawili wanaongea kwa sauti ya chini huku mvua ikinyesha au muziki ukipita nyuma yao, kisha kaa kwenye kochi lako la siku zote na usiguse rimoti. Ukishika kila neno, msingi unao na mengine yatajengeka juu yake. Ila ukijikuta unaongeza sauti wakati wa mazungumzo na kuipunguza mbio risasi zinapoanza, shida yako si besi, hata muuzaji akikuapia kwamba ni besi.

Nimefunga mifumo ya sinema ya kwangu, ya ndugu na ya marafiki hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na karibu kila sebule ninayoingia nakuta hela imekwenda kulekule, kwenye mngurumo. Mlango unatikisika, vikombe vinalia kabatini, halafu mama mwenye nyumba anauliza, "Amesema nini huyo?"

Zile sabufa za Kariakoo zenye taa za rangi sizidharau. Kwa muziki wa shughuli zinafanya kazi yake. Ila usizinunue kwa kuangalia namba ya PMPO, zile wati za kujisifia zilizochapwa kubwa kwenye boksi. Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma kinachoonyesha inakula umeme kiasi gani. Mashine inayovuta wati 80 ukutani haiwezi kukutolea wati 8,000 za sauti. Na hata wati za kweli hazina uzito ambao watu huzipa: ukiongeza nguvu ya amplifaya maradufu, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua bila kushtuka. Kwa hiyo spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja itasikika sawa na ile ya desibeli 87 iliyolishwa umeme mara mbili. Namba hiyo ya usikivu wa spika ndiyo ya kuulizia dukani, na mara nyingi muuzaji haijui, kwa hiyo itafute mwenyewe kwenye karatasi ya maelezo.

Sasa spika ya katikati. Katika mpangilio wa 5.1, yaani spika tano na moja ya besi, maneno mengi ya filamu hutoka pale katikati, chini ya TV. Spika za pembeni zinaleta mazingira, ya besi inaleta uzito, lakini hadithi inakaa katikati. Kama bajeti ni ya kubana, hiyo ndiyo spika ya kuipa hela nyingi, na zile mbili za mbele ziwe ndugu zake, za kampuni moja na toleo moja, ili mtu akitembea kutoka kushoto kwenda kulia sauti yake isibadilike njiani. Usiifukie ndani ya kabati la TV katikati ya vitabu na mapambo. Ivute mbele mpaka ukingo wa meza, na kama iko chini kuliko masikio yako, iinamishe ielekee juu kwa kuiwekea kipande cha raba chini ya mdomo wake. Kazi hiyo ya dakika mbili imewahi kuokoa mifumo ambayo wenyewe walikuwa tayari kuiuza. Na kama hela inatosha spika mbili tu nzuri, nunua hizo mbili, zitenge vizuri, kaa katikati yake, na maneno yatasimama katikati ya kioo bila spika yoyote pale. Napendelea hivyo kuliko tano dhaifu.

Kinachowaangusha wengi, hata hivyo, ni chumba. Sebule zetu ni ngumu kwa sauti: ukuta wa tofali la saruji, sakafu ya marumaru, dirisha la alumini lenye vioo vikubwa, makochi ya ngozi ya bandia. Sauti inagonga kote huko na kurudi ikiwa imechelewa kidogo, neno la kwanza bado linazunguka na la pili limeshafika. Herufi kama s, f na t ndizo zinazopotea kwanza, na hizo ndizo zinazotenganisha neno na neno. Simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia mlio unaobaki ukitetemeka hewani, hakuna amplifaya duniani itakayokusaidia kabla hujashughulika na mlio huo. Zulia nene kati ya kochi na TV ndilo dawa ya kwanza. Pazia zito, lenye mikunjo mingi, la upana unaozidi dirisha, ni la pili. Kochi la kitambaa linameza sauti kuliko la ngozi. Rafu ya vitabu ukutani nyuma yako inasaidia kuvunja mawimbi yasirudi kwa mpigo mmoja. Mkeka mwembamba unafanya kidogo sana. Zile trei za mayai ambazo watu hubandika ukutani wakiiga studio za mtaani ziache. Kwenye maneno hazifui dafu, kwenye besi hazifanyi chochote, na zinashika moto upesi.

Sogeza na kochi pia. Sebule nyingi zina kochi lililobanwa kwenye ukuta wa nyuma, mahali ambapo besi inarundikana na sauti za spika za nyuma zinakupigia sikioni. Ukilivuta hata nusu mita, utasikia tofauti siku hiyohiyo.

Kuhusu mahali pa kuweka spika ya besi, kuna mbinu ya zamani ambayo bado haijapata mshindani. Inyanyue uiweke juu ya kochi, pale unapokaa. Piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha zunguka chumba ukiwa umepiga magoti, kichwa kiwe karibu na sakafu, ukisikiliza kila kona. Utapita mahali besi inavimba na kuunguruma ovyo, mahali inapotea kabisa, na mahali inasikika safi, kila noti na uzito wake. Hapo pasafi ndipo pa kuiweka. Sababu yake ni urefu wa mawimbi: sauti ya hezi 40, yaani besi nzito, ina wimbi la zaidi ya mita 8, refu kuliko sebule nyingi, kwa hiyo inagongana na mwangwi wake na kujijenga au kujifuta kulingana na mahali ulipo. Kisha, kwenye menyu ya amplifaya, weka mpaka kati ya spika za kawaida na ya besi (crossover) kwenye hezi 80, na usiuguse mpaka uwe na sababu ya kweli.

Amplifaya nzuri mpya ni ghali, na ndiyo maana wengi wetu tunanunua mtumba kutoka Ulaya, Japani au Dubai. Mimi naziunga mkono kabisa. Mashine ya miaka kumi iliyotunzwa inaweza kuipita mpya ya bei rahisi. Ila soma kibandiko cha umeme kabla ya kuchomeka: za Japani ni za volti 100, za Marekani 120, na sisi tuna 230. Bila transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi mahitaji ya mashine, utaunguza kitu siku ya kwanza. Omba iwashwe dukani, jaribu kila chaneli moja baada ya nyingine, na uliza kama ile maikrofoni ndogo ya kupimia chumba ipo. Watu huitupa bila kujua kazi yake, na ndiyo inayoifundisha mashine umbali wa kila spika na kiwango chake. Umeme wetu unapanda na kushuka, kwa hiyo stabilaiza si anasa.

Halafu kuna jambo la filamu yenyewe. Mwenye spika tano akicheza faili lililobanwa mpaka likabaki na chaneli mbili, anasikiliza chaneli mbili zilizosambazwa, basi. Filamu za kutafsiriwa nimekua nazo, na sauti za Lufufu kwetu na DJ Afro kule Kenya ni sehemu ya maisha yetu ya sinema. Lakini msimulizi akishapanda juu, maneno na mazingira ya filamu yanafunikwa, na hizo ni za kufurahia kwa namna yake, si za kupimia mfumo. Ukiwa na intaneti nzuri, tazama mtandaoni ukichagua sauti ya 5.1. Ukipata diski za Blu-ray, hapo ndipo sauti kamili ilipo, isiyopunguzwa. Na hakikisha waya wa HDMI umechomekwa kwenye tundu la TV lililoandikwa ARC, linalorudisha sauti ya TV kwenye amplifaya, la sivyo amplifaya itasubiri sauti isiyokuja.

Nikija kwenye filamu zenyewe, ya kwanza ninayoiweka ninapomaliza kufunga mfumo ni ya Kiswahili, na maandishi ya chini nayazima. Maandishi yanaidanganya akili; ukisoma neno unadhani umelisikia. Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ina Kiswahili cha Zanzibar ambacho masikio yetu yanakijua, na kama kuna neno linakupita pale, kosa ni la chumba au spika. Nairobi Half Life ya 2012 nayo inafaa, kwa sababu inaongea upesi, mitaani, kwenye kelele za jiji.

Baada ya hapo naweka Jurassic Park ya 1993, sehemu ile ya dinosau mkubwa na magari usiku wa mvua. Mpaka leo sijapata kipimo bora zaidi. Hakuna muziki kabisa. Kuna mvua, kuna watoto wanaonong'ona kwa hofu, kuna hatua nzito zinazokaribia, halafu mngurumo ambao mbunifu wa sauti Gary Rydstrom aliutengeneza kwa kuchanganya sauti ya mtoto wa tembo na za wanyama wengine. Mfumo uliopangwa vizuri unakupa vyote kwa wakati mmoja. Mfumo wa besi tupu unakupa hatua na mngurumo, na watoto wanapotea.

Wapenzi wa besi wana filamu yao, Edge of Tomorrow ya 2014, kwa zile sauti nzito za mwanzo kabisa ambazo zimezishinda spika nyingi. Iweke, lakini taratibu, hasa spika yako ikiwa ndogo. Kwa meli na mizinga, Master and Commander ya 2003 bado inatawala: mbao zinalia, mabaharia wanakimbia juu ya kichwa chako, na ule mzinga wa kwanza kutoka ndani ya ukungu unapiga bila hodi. Kwa ngoma, Black Panther ya 2018. Mtunzi wa muziki wake, Ludwig Göransson, alikwenda Senegal kufanya kazi na mwimbaji Baaba Maal, na ile tama, ngoma inayoongea, inayoita jina la mfalme lazima usikie ngozi yake, si pigo tu. Apocalypse Now ya 1979 ndiyo babu wa haya yote. Mbunifu wa sauti Walter Murch alizungusha helikopta chumba kizima wakati kumbi nyingi zilikuwa bado hazina hata wazo la spika za nyuma kushoto na kulia.

Ninayoipenda kuliko zote, lakini, ni Roma ya Alfonso Cuarón, ya 2018. Haina muziki wa kuongoza hisia zako. Ni mtaa wa Mexico City, wachuuzi wanapita wakinadi, mbwa wanabweka nyuma ya geti, ndege inapita juu, maji yanamwagwa sakafuni. Aliyekulia uswahilini ataisikia mara moja. Izime pangaboi unapoitazama, na usichague usiku wa mvua kama nyumba yako haina dari, maana bati litaimeza yote.

Tahadhari moja. Usipime spika yako ya katikati kwa Tenet ya 2020. Mwongozaji wake, Christopher Nolan, ametetea hadharani uamuzi wake wa kuacha muziki na milio ifunike maneno mara nyingine, na wengi wamebadilisha vifaa vizima kwa sababu ya filamu ambayo hata kwenye ukumbi mkubwa ilisikika hivyohivyo.

Spika za juu, zile za Dolby Atmos zinazoleta sauti kutoka darini, zisubiri mpaka haya yote yakae sawa. Wanaoishi nyumba za kupanga wana la kushughulikia kabla ya dari: jirani. Besi inapita ukutani ambako maneno hayapiti. Weka spika ya besi juu ya kipande cha godoro gumu au raba nene, isikae moja kwa moja sakafuni. Usiku ukiingia, ipunguze kwa desibeli 6, ongeza ya katikati kwa 2 au 3, na washa ile hali ya usiku iliyomo kwenye menyu ya amplifaya, inayoshusha milipuko na kupandisha minong'ono. Filamu utaifuata yote mpaka mwisho, na jirani atalala.