Pauni 100 zililipwaje wakati sarafu ya pauni haipo?

SWALI: Nimesoma kwamba Uingereza ya karne ya 13 ilitumia hasa peni ya fedha, na madeni yaliwekwa kwenye vijiti. Mfanyabiashara wa sufu alilipaje pauni 100? Na mtu alizuiwaje kuongeza alama kwenye kijiti?

JIBU: Pauni na shilingi zilikuwa za hesabuni tu: shilingi ni peni 12, pauni ni peni 240. Mkenya aliyesikia bajeti ya miaka ya 1970 ikisomwa kwa pauni, huku mfukoni ana shilingi, ataelewa haraka. Pauni 100 taslimu ni peni 24,000, zaidi ya kilo 30 za fedha. Nani asafiri na mzigo huo?

Basi sufu iliuzwa kwa mali kauli, au mnunuzi alitanguliza pesa. Wafanyabiashara Waitalia kama kampuni ya Riccardi ya mji wa Lucca waliwalipa watawa kwa sufu ambayo bado iko mgongoni mwa kondoo, pengine ya miaka kadhaa mbele. Kanisa lilikataza riba. Mimi naona ilijificha humo humo, kwenye bei ya chini ya sufu iliyolipiwa mapema.

Sasa kijiti. Kilichongwa, mara nyingi cha mti wa hazel, kikakatwa mapengo kulingana na kiasi. Kwenye hazina ya mfalme pengo la pauni 1,000 lilikuwa na unene wa kiganja, la 100 kidole gumba, la 20 kidole cha mwisho, la pauni 1 punje ya shayiri. Peni ilikuwa mchanjo tu. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu, mapengo yakabaki pande zote mbili. Mdai alichukua kipande kirefu chenye kishikio, mdaiwa kile kifupi. Ukiongeza pengo kwako, kwa mwenzako halipo. Ukileta kipande cha kijiti kingine, nyuzi za mti hazikutani. Hata asiyejua kusoma aliweza kukagua.

Kijiti hakikumlazimisha mtu kulipa, na hapo sheria iliingia. Tangu 1283 mfanyabiashara aliweza kusajili deni mbele ya meya. Siku ya kulipa ikipita, mali ya mdaiwa inauzwa. Mwaka 1285 sheria ilikazwa: mdaiwa anaanzia gerezani, na ardhi yake inaweza kushikwa.

Mfalme naye alilipa watu kwa vijiti, wakadai kwa watoza ushuru wake. Mtoza ushuru akiwa hana kitu, ulirudi na kijiti chako.