Jibu: Pete ya jani la mkorosho, jiwe liwekwe lini?

Ndugu yangu wa Masasi, umeuliza kama yakuti yako ya Tunduru ipachikwe kabla au baada ya kulehemu. Baada, tafadhali! Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, yakuti ni 9 na almasi ni 10, lakini joto la ghafla linaweza kuipasua yakuti. Lehemu kikalio (sehemu ya pete inayoshika jiwe), ng'arisha, ndipo upachike.

Jani sasa, yaani kuchapa alama zake kwenye fedha ya pete, hapo ndipo penye raha. Pasha bamba la fedha hadi wekundu hafifu, lipoze, likaushe kabisa. Laza jani kavu, mishipa iliyotuna ielekee kwenye fedha, funika kwa bamba la shaba, pitisha kwenye rola (mashine ya kubana bamba) mara moja tu. Ukirudia, alama zinapishana.

Tumia fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha, zilizobaki ni metali nyingine. Fedha tupu ni laini mno kwa pete.