Maswali ya mafuriko: ramani ya simu, asilimia moja, na dalali

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu viwanja vya karibu na ziwa hapa Kigoma, najibu manne.

*Ramani kwenye simu inaonyesha kiwanja changu Kibirizi ni kijani, yani salama. Niamini?*

Bado kaka. Ramani nyingi za bure zinatumia vipimo vya satelaiti, kila kiboksi ni kama mita 30 kwa 30, sasa kiwanja chako cha 20 kwa 20 kimemezwa humo pamoja na mtaro na nyumba ya jirani, vyote vimepewa kimo kimoja, na hicho kimo kinaweza kukosea hata mita mbili. Wakati sentimita 40 tu ndo zinaamua kama godoro linalowa au halilowi! Marekani, shirika la First Street walianza 2020 kutoa makadirio ya nyumba moja moja, ila kule ardhi imepimwa kwa leza kutoka kwenye ndege.

*Nimeambiwa hatari ni 1% kwa mwaka. Si ndogo?*

Ukikaa miaka 30 inafika kama 26%, yani robo. Na hiyo imepigwa kwa mvua za zamani, hewa ikiongezeka joto digrii moja inabeba mvuke kama 7% zaidi.

*Ziwa likipanda si litarudi tu?*

Litarudi, ila taratibu mno. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, Kongo, maji mengi yanaondoka kwa kukauka na jua, ndo maana lilivyopanda miaka ya 60 lilichukua miaka kushuka. Na zile mita 60 kutoka ufukweni ambazo sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani yake zinapimwa kwa kwenda mbele, sio kwa kimo, kwahiyo sehemu tambarare kama upande wa mto Luiche maji yanazivuka vizuri tu.

*Dalali anasema hapa maji hayajawahi kufika. Nihakikishe vipi?*

Dada, usimuulize yeye. Nenda kwa mama wa nyumba ya pili, muombe uangalie nyuma ya mlango, bawaba ya chini ikiwa na kutu kuliko ya juu na ukutani kuna mstari wa tope chini ya rangi mpya, umeshapata jibu. Kisha mwite fundi na ule mpira wa maji wa kusawazishia msingi, auvute kutoka kwenye huo mstari mpaka kwenye kigingi ulichochomeka kiwanjani kwako, apige alama. Sakafu yako ikae juu ya hapo, na uache nafasi ya kutosha, maana ule mstari ni wa mvua iliyopita.